Kifaru wa Fedha

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anafanya kazi Dar es Salaam, alikuja Mofu kuwasalimu wazazi wake, akanipitia na mimi. Tulipokwisha kujuliana hali alitoa mfukoni kikasha kidogo cha plastiki, akanikabidhi kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha ngeli. Hebu niambie huyu yumo katika ngeli gani."

Ndani ya kikasha mlikuwa na sarafu kubwa, nyeupe, nzito kuliko nilivyotazamia. Upande mmoja ulikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili kifaru. Thamani yake ni shilingi 50, na mwaka ni 1974. Kijana aliinunua kwa mfanyabiashara wa sarafu wa ng'ambo, tena kwa bei ambayo hakutaka kuitaja mbele ya mama yake. Aliniachia kwa majuma mawili ili niitazame vizuri, na katika majuma hayo sikuandika shairi hata moja. Niliyoyaandika ni haya.

Mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa hapa Mofu. Sarafu tulizozijua sisi ni zile za mwaka 1966, mwaka ambao Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi, tarehe 14 Juni. Senti tano ilikuwa na samaki wa baharini mwenye pezi la mgongoni lililosimama kama tanga. Senti ishirini ilikuwa na mbuni, senti hamsini ilikuwa na sungura, na shilingi ilikuwa na mwenge. Picha zilichorwa na Mwingereza, Christopher Ironside, yule yule aliyewachorea Waingereza sarafu zao mpya za mwaka 1971. Lakini maneno yalikuwa yetu: SENTI TANO, SENTI ISHIRINI, SENTI HAMSINI, SHILINGI MOJA. Sarafu za Afrika Mashariki zilizotangulia zilimtajia mwananchi thamani ya jasho lake kwa Kiingereza. Kwa wengi wa rika langu, Kiswahili cha kwanza tulichokisoma nje ya daftari ni kile kilichokuwa kiganjani, tukitumwa chumvi au kiberiti. Sungura yule mjanja wa hadithi za bibi tulimfunga katika pindo la nguo ili asipotee. Juu ya samaki tulibishana mno, kwa kuwa watoto wa mto Kilombero waliomjua kambale na perege hawakuweza kukubali kwamba kuna samaki aendaye na tanga.

Sarafu ya kifaru haikufika Mofu, wala haikukusudiwa kufika. Ilitolewa pamoja na ya shilingi 25 yenye twiga, nayo ya fedha, na ya shilingi 1,500 yenye duma, ambayo ni ya dhahabu. Zote tatu zilikuwa sehemu ya mfululizo wa sarafu za hifadhi ulioandaliwa kwa kushirikiana na WWF na IUCN, zikapigwa katika kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza. Nchi zilizojiunga zilichagua wanyama watatu watatu, wawili kwa fedha na mmoja kwa dhahabu. Zaire ilitoa zake mwaka 1975, pamoja na okapi na sokwe mkubwa wa milimani. Morisi nayo, mwaka huo huo, ikaweka kipepeo juu ya fedha ya rupia 25, na juu ya rupia 50 ikamweka kozi wa kisiwa hicho, ndege ambaye mwaka uliotangulia waliojulikana kuwa hai porini walikuwa wanne tu. Kozi yule alipona. Nalitaja hili mapema ili msomaji asidhani nimekuja kuzicheka sarafu hizi.

Zile zilizong'arishwa kwa ajili ya wakusanyaji zilikuwa na sehemu 925 za fedha safi katika kila 1,000. Ya twiga ilikuwa na uzito wa gramu 28.28, ya kifaru gramu 35. Mnunuzi alikuwa mtu wa mbali, aliyeilipa kwa sarafu ya nchi yake, na sehemu ya mapato ilikwenda kwenye hifadhi. Ni biashara ya ajabu ukiifikiri: mnyama anauziwa picha yake ili apate ulinzi dhidi ya wanaouza pembe yake.

Bondeni kwetu mwaka huo ulikuwa na mambo yake. Serikali ilikuwa imesimamisha uwindaji nchini kote tangu 1973, na mwaka 1974 ikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori. Operesheni Vijiji ilikuwa imepamba moto, watu wakihamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya kale na kupangwa kwenye mistari. Mvua zilikuwa zimeikosa nchi, na chakula kilikuwa cha taabu. Wachina na wenzetu walikuwa wakimalizia reli ya TAZARA inayopita Ifakara na Mlimba, na sisi watoto tulilala tukisikia habari za garimoshi kama za pepo. Katika hayo yote, Mwalimu Nyerere na kifaru walikuwa wamelala mgongo kwa mgongo ndani ya kasha la mahameli katika nyumba ya mtu fulani huko Ulaya.

Hata hivyo huyu hakuwa mnyama wa kwanza kupigwa juu ya fedha na kuhusishwa na bonde letu. Wa kwanza alikuwa simba. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha kati ya 1890 na 1902: upande mmoja Kaisari Wilhelm na kofia yake ya chuma yenye tai, upande wa pili simba chini ya mnazi. Uzito wake gramu 11.66, fedha karibu 917 kwa 1,000. Pamoja nayo kampuni ilitoa sarafu ndogo ya shaba, pesa, 64 kwa rupia, yenye maandishi ya herufi za Kiarabu kwa sababu wasomaji wa pwani walisoma herufi hizo. Neno pesa lilikuwapo kabla yao, limetoka Bara Hindi na majahazi. Rupia ile ya simba ndiyo iliyodaiwa pale kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, na kiwango cha chini kilikuwa rupia 3. Kwa mtu wa bonde aliyekuwa na mpunga, samaki na mtumbwi, rupia ilikuwa kitu cha kutafutwa mbali. Simba juu ya fedha hakuwa mnyama wa ukumbusho. Alikuwa anakuja kula.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikachukua sarafu mikononi mwake, ikamwondoa simba, na ikaigawa rupia katika heller 100. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, vita vya Maji Maji vilifika Ifakara na Mahenge. Wajerumani walikwenda zao, rupia yao ikafa, lakini heller haikufa. Iko midomoni mwetu kila siku. Anayelalamika leo kwamba hana hela anataja sarafu ambayo hajapata kuiona, wala baba yake hakupata kuiona.

Waingereza nao walimrudisha simba. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza 1921 ilikuwa na simba amesimama mbele ya milima. Wakati huo ilikuwa na robo tu ya fedha, 250 kwa 1,000, na miaka ya arobaini hata robo hiyo ikaondolewa. Hapa ndipo neno letu lilipoachwa peke yake. Fedha, kwa asili yake ya Kiarabu, ni jina la madini. Mfua fedha alikuwa sonara, na mshairi aliyesema meno ya fedha hakumaanisha meno ya pesa. Madini yalipotoka ndani ya sarafu, jina halikutoka. Likabaki katika Wizara ya Fedha, katika fedha taslimu, katika fedha za kigeni, hata kijana wa leo ukimwonyesha pete ya fedha anakusahihisha: "Hiyo ni silva, mwalimu." Kwa hiyo sarafu ya kifaru ilinirudishia jambo moja la haki. Ilikuwa fedha ya fedha.

Sasa nimrudie kifaru mwenyewe. Barani Afrika inakadiriwa kulikuwa na vifaru weusi wapatao 65,000 mwaka 1970. Kufikia 1995 walikuwa wamebaki chini ya 2,500. Katika pori kubwa la Selous, jirani yetu wa mashariki, walikwisha karibu wote. Tembo walifuata. Mwaka 1986, kwa miaka 25 ya WWF, Tanzania ilitoa sarafu nyingine ya fedha, shilingi 100, yenye tembo na mtoto wake, na ya dhahabu ya shilingi 2,000 yenye chozi wa milima yetu ya mashariki, ndege mdogo anayepatikana hata katika misitu ya Udzungwa tunayoiona tukiinua macho. Miaka mitatu baadaye ikabidi jeshi liingie porini kwa Operesheni Uhai. Selous na majirani zake walikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976. Hesabu ya 2013 ilikuta takriban 13,000.

Kisha likatokea jambo ambalo nimelitafakari kuliko yote. Mwaka 1996 Benki Kuu ilitoa sarafu mpya ya shilingi 50 kwa matumizi ya kila siku, na mnyama aliyewekwa ni kifaru na mtoto wake. Kiasi ni kile kile na mnyama ni yule yule, lakini miaka 22 ilikuwa imepita. Ya kwanza ilikuwa gramu 35 za fedha, ya pili ni chuma kilichovikwa shaba. Mwaka 1974 kifaru alikuwa porini na sarafu yake haikuwa mikononi mwetu. Mwaka 1996 sarafu ilikuwa mikononi mwetu na kifaru hayupo porini. Sasa hata sarafu ile ya chuma ni nadra kuiona dukani. Muuzaji anakurudishia pipi.

Wanaopenda lugha watakuwa wameanza kuuliza, ngeli iko wapi? Inakuja. Nilipokuwa kidato, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilituletea redioni neno kifaru kila jioni, na halikuwa na pembe. Nilipokuja kufundisha chuo cha ualimu, niliwapa walimu wanafunzi zoezi la kuandaa picha za kufundishia majina ya wanyama, na mmoja akaniletea kifaru chenye minyororo na mzinga. Darasa lilicheka. Mimi nilimpa alama zake, kwa kuwa alikuwa amechora vizuri, na kwa kuwa nilijua kosa halikuwa lake. Kiswahili kina kinga yake katika jambo hili, nayo ni upatanisho. Kifaru amelala ni mnyama. Kifaru kimelala ni chombo cha vita kilichoharibika. Kiambishi kimoja kinatenganisha pumzi na chuma.

Ndivyo ilivyo kwa kiboko pia, na kwa kiboko bonde letu lina haki ya kusema. Kiboko yuko mtoni. Kiboko kiko mkononi mwa askari, kwa kuwa mjeledi ule ulitengenezwa kwa ngozi yake, na babu zetu waliokosa rupia tatu walikijua vizuri, viboko ishirini na vitano kwa hesabu ya hamsa ishirini. Kipepeo naye, aliyepata bahati ya fedha huko Morisi, ana ki- yake iliyotoka kwenye kupepea, lakini tunasema kipepeo ametua, hatusemi kimetua. Lugha inamtambua hai hata akiwa mwepesi kama karatasi.

Lakini upatanisho unahitaji mtu wa kuutumia. Jina lisilokuwa tena na mnyama nyuma yake linahamia pengine. Tazama kipusa. Katika kamusi ni pembe ya kifaru, kile kitu kilichommaliza. Mitaani ni msichana mrembo. Nadhani njia ilikuwa ile ya vitu vya thamani vyote, na sitawazuia vijana, ila wale wanaonitumia mashairi ya mapenzi yenye "kipusa wangu" wajue wanamwita mpenzi pembe iliyokatwa. Na tazama faru. Magazeti yetu siku hizi yanaandika faru zaidi ya kifaru. Desemba 2016, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotaka maelezo juu ya kifo cha mmoja wao, nchi nzima ilimtaja Faru John. Desemba 2019 alikufa Fausta huko Ngorongoro, akikadiriwa kuwa na miaka 57. Sarafu yangu ya kuazima ilipopigwa, Fausta alikuwa kijana wa miaka kumi na miwili hivi. Wapo wanaosema faru ni fasaha zaidi. Mimi naona mnyama amehamishwa kutoka kwenye jina lake, kama watu wa 1974 walivyohamishwa mashambani, ili kumpisha mwenye minyororo na mzinga.

Siku moja nilimpelekea mzee jirani yangu sarafu ile. Ukoo wake ni wa waindaji wa Kindamba, watu ambao Mwingereza A. G. O. Hodgson aliandika habari za mila zao za uwindaji mwaka 1926, wakati mto huu vitabuni uliitwa Ulanga. Sheria za wanyama za wakoloni ziliwageuza kuwa majangili bila wao kusogea hatua. Nilimwamkia, nikaketi, nikampa. Aliichukua, akaipima kwa kiganja kabla ya kuitazama.

"Inanunua nini hii?"

Nikamwambia hainunui kitu dukani.

Aliigeuza, akamtazama Mwalimu, akaigeuza tena. "Huyu amechorwa na mtu aliyemwona amesimama," akasema. "Sisi tulimwona akija."

Kisha akanieleza alivyokuja, mara ile ya mwisho, upande wa magugu ng'ambo ya mto: sauti kwanza, kama garimoshi kabla ya garimoshi, kisha kichwa kikiwa chini, na yeye juu ya mti usiozidi unene wa mkono wake. Alimtaja kwa Kindamba, nami nikatambua kwamba jina lile sikuwa nimelisikia tangu utotoni, na kwamba katika nyumba ile hakuna mjukuu anayelijua. Nikamwomba alirudie, nikaliandika. Alipomaliza aliniuliza kama yuko pia sheshe juu ya fedha.

Swali lilinishika. Sheshe ni swala wa nyika za maji, mwenye rangi ya dhahabu iliyokolea, na bonde la Kilombero lilikuwa makao ya sehemu kubwa zaidi ya sheshe wa dunia nzima. Ni kwa sababu ya nyika hizo, pamoja na ndege na samaki wake, bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu ya Ramsar, eneo la kilomita za mraba zipatazo 7,967. Twiga ana sarafu, duma ana dhahabu, swala pala wanne wanakimbia juu ya shilingi 100 yetu, simba wawili wako juu ya shilingi 200, nyati juu ya shilingi 500. Kenya nayo iliwaondoa marais juu ya sarafu zake mwaka 2018, ikawaweka twiga, kifaru, simba na tembo. Sheshe simjui sarafu yake. Nilimjibu mzee kwamba hayupo. Akasema, "Afadhali. Waliowekwa humo wote wamekwisha."

Sikumjibu, ingawa kwa mwalimu si hoja iliyo sawa: twiga bado yupo, na kozi wa Morisi yupo. Isitoshe sheshe amepungua sana bila kuwekwa popote, kwa majaruba yetu wenyewe na kwa mifugo.

Kabla sijarudisha sarafu, mwalimu mkuu wa shule ya hapa aliniruhusu nizungumze na darasa la saba kwa kipindi kimoja. Sikuionyesha kwanza. Niliandika ubaoni neno moja, kifaru, nikawaomba kila mmoja atunge sentensi. Nilikusanya daftari nikazisoma usiku. Kifaru kimepita barabarani. Kifaru cha jeshi ni kikubwa. Kifaru kililipua nyumba. Nyingi zilikuwa hivyo. Msichana mmoja tu, wa dawati la nyuma, alikuwa ameandika: Kifaru amesimama peke yake.

Kesho yake nilimwita, nikamsifu kwa upatanisho wake, nikamuuliza amemwona wapi.

"Kwenye noti ya elfu tano, mwalimu."